Nyuma ya Mwaka 1966

Ukitaka kusoma maelezo ya kwanza ya kitabibu kuhusu chikungunya, neno chikungunya lenyewe huenda lisikufikishe. Makala mbili zilizoeleza mlipuko wa Newala zilitoka mwaka 1955 katika jarida la Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene la Uingereza. Ya kwanza iliandikwa na Marion Robinson, ya pili na W. H. R. Lumsden. Vichwa vyake vinataja ugonjwa wa virusi katika Jimbo la Kusini, Tanganyika, mwaka 1952 hadi 1953. Havitaji chikungunya. Havitaji Tanzania pia, maana mwaka huo hapakuwa na nchi yenye jina hilo.

Neno lenyewe ni la Kimakonde. Linaeleza kupinda, hali ya mgonjwa anayejikunja kwa maumivu ya viungo. Waandishi wengi wa baadaye wameandika kimakosa kwamba ni la Kiswahili, na kosa hilo bado linanakiliwa kutoka makala hadi makala. Wamakonde walilipa shirika la kisayansi la dunia neno lao, na hata shukrani zikapelekwa kwa jirani.

Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja cha tiba. Chuo chetu kilipoamua kuachana na kanzidata ya makala za tiba tuliyokuwa tunailipia na kuhamia nyingine, kazi niliyopewa ilikuwa ndogo: nichukue maswali ambayo wahadhiri na wanafunzi wametuletea kwa miaka michache, niyatafute kote kuwili, niandike nini kinaonekana wapi. Ripoti ya kurasa tatu, basi. Lakini swali la Newala lilinitoa kwenye kurasa tatu. Nilipoandika chikungunya na Tanzania katika kanzidata mpya, nilipata mamia ya makala za miaka ya karibuni na sikupata zile mbili zilizoanzisha yote. Nilipoandika Tanganyika, zikatokea, kila moja ikiwa na mstari mmoja wa taarifa bila muhtasari wowote.

Nikajaribu na nyingine. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake, lakini yeye mwenyewe hakuweza kuiita hivyo katika makala yake. Kisha nikatafuta homa ya o'nyong-nyong, iliyolipuka Uganda mwaka 1959 na kupewa jina la Kiacholi. Hiyo haikunisumbua hata kidogo, kwa sababu watafiti wa Entebbe walioieleza mwaka 1960 waliliweka jina la wagonjwa kwenye kichwa cha makala.

Hapo nikaona mantiki ya jambo hili. Ugonjwa hupewa jina baada ya kuelezwa. Kwa hiyo makala ya kwanza, ile iliyo muhimu kuliko zote kwa mtu anayetaka kujua chanzo, mara nyingi ndiyo isiyokuwa na jina tunalolitumia kuitafuta. Ili ipatikane, lazima mtu mwingine aje baadaye ambandike jina hilo pembeni. Historia ya kanzidata za tiba ni historia ya watu hao wa kubandika majina, na ya vile ambavyo havikubandikwa kila walipohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Wa kwanza wao aliyefanya kwa ukubwa alikuwa askari. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, John Shaw Billings, daktari wa jeshi, alikabidhiwa maktaba ya ofisi ya mganga mkuu wa jeshi mjini Washington. Ilikuwa na kiasi cha vitabu elfu mbili. Hospitali za vita zilipofungwa zilibakiza fedha, kama dola 80,000, na Billings akazielekeza kwenye kununua vitabu na majarida. Kwa miaka ishirini maktaba hiyo ilikaa katika jengo la Ford's Theatre, ukumbi uleule alimopigwa risasi Rais Abraham Lincoln.

Orodha za vitabu zilikuwapo tangu zamani. Alichokifanya Billings ni kuingia ndani ya majarida. Yeye na wasaidizi wake walipitia majarida ya tiba ya lugha nyingi, wakaandika kadi kwa kila makala, wakazipanga kwa mada. Juzuu ya kwanza ya Index-Catalogue ilitoka mwaka 1880. Tatizo lake utaliona mara moja: kitabu kinachopangwa kwa herufi kikifika Z, A yake imeshazeeka. Mfululizo wa kwanza, juzuu 16, ulikamilika mwaka 1895. Ndiyo maana mwaka 1879 Billings na mwenzake Robert Fletcher walikwisha kuanzisha chapisho la kila mwezi, Index Medicus, la kukamata makala mpya zikiwa bado mbichi.

Chapisho hilo halikuwa na raha ya fedha. Lilisimama mwaka 1899 kwa kukosa wanunuzi wa kutosha, Wafaransa wakajaribu kuziba pengo kwa faharasa yao ya Paris, kisha likafufuka mwaka 1903 kwa msaada wa Carnegie Institution. Ninalitaja hili kwa sababu sisi wa Afrika tumezoea kudhani kwamba kukatika kwa huduma ni ugonjwa wetu. Faharasa kuu ya tiba duniani nayo iliwahi kufungwa kwa sababu hakuna aliyelipa.

Billings ana deni jingine kwetu. Alisimamia pia takwimu za sensa, na kijana aliyefanya kazi naye huko, Herman Hollerith, alisimulia kwamba ni Billings aliyemdokezea kwamba pawepo mashine ya kuhesabu watu kwa kadi zenye matundu. Hollerith akaitengeneza, ikatumika katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, na kampuni yake ikaja kuwa sehemu ya IBM. Mtu aliyepanga makala kwa kadi za mkono ndiye aliyetia mbegu ya mashine ambayo ingekuja kuziondoa kadi hizo.

Mashine ilifika baada ya miaka zaidi ya sabini. Mwaka 1956 maktaba ya jeshi ilifanywa kwa sheria kuwa National Library of Medicine, na mwaka 1962 ikahamia Bethesda, Maryland. Mkurugenzi wake, Frank Bradway Rogers, alikuwa amekwisha kuona kwamba makala zinaongezeka kuliko mikono ya kuziorodhesha. Mwaka 1960 alitoa orodha rasmi ya vichwa vya mada, inayojulikana kwa kifupi kama MeSH. Wazo lake ni jepesi, na bado ndilo linaloshikilia jengo zima: mwandishi aite ugonjwa vyovyote atakavyo, anayeorodhesha ataibandika makala jina moja lililokubaliwa. Chikungunya ina kichwa chake humo leo. O'nyong-nyong pia. Na kwashiorkor, neno la Kiga la Ghana. Lugha zetu zimo ndani ya faharasa ya Bethesda, ingawa hazikuombewa kibali.

Januari 1964 mfumo wa kompyuta ulioitwa MEDLARS ulianza kazi. Waorodheshaji waliandika taarifa za makala kwenye fomu, wachapaji wakazipiga kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, kompyuta ya Honeywell ikazihamishia kwenye utepe wa sumaku, na mashine ya kupanga herufi kwa mwanga ikatoa kurasa za Index Medicus tayari kwa kuchapwa. Daktari aliyekuwa na swali maalumu aliliandika, akalituma kwa posta, mtaalamu akaligeuza kuwa lugha ya mashine, na jibu likarudi kwa posta baada ya wiki kadhaa. Tunaolalamika ukurasa ukichelewa sekunde nne tungekuwa na hali gani?

Mtu mmoja aliamua kuipima mashine hiyo badala ya kuishangilia tu. F. W. Lancaster alichunguza mamia ya utafutaji wa kweli, na ripoti yake ya mwaka 1968 ikasema kwamba kwa wastani mfumo ulileta asilimia 58 ya makala zilizokuwa na maana kwa swali lililoulizwa, na kwamba nusu tu ya zilizoletwa ndizo zilizohusika. Yaani kati ya makala kumi ulizozihitaji, nne zilibaki gizani, na wewe ukaondoka na karatasi yako ukiamini umepewa zote. Takwimu hizo ni za zamani, lakini hisia ile ya kuondoka umeridhika haijazeeka. Kila siku naiona usoni mwa wanafunzi.

Oktoba 1971 MEDLINE ilianza: sasa mtu angeweza kuuliza akiwa mbali, kupitia laini ya simu, na kujibiwa papo hapo. Hapa ndipo mstari ulipochorwa. Data za mtandaoni zilianzia makala za mwaka 1966. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba elimu ya tiba ilianza mwaka huo. Ulikuwa mpaka wa urahisi tu: data zilizokuwa tayari kwenye utepe ziliingia, na zilizokuwa kwenye karatasi zikabaki kwenye karatasi. Aliyetaka za zamani alijua kwamba atafunua juzuu.

Tatizo ni kwamba kizazi kilichojua hivyo kilistaafu. Mwaka 1996 PubMed ilionekana kwenye intaneti kwa majaribio, na Juni 1997 Makamu wa Rais Al Gore akaitangaza kuwa bure kwa kila mtu duniani. Desemba 2004 Index Medicus ya karatasi ikaacha kuchapwa. Kwa aliyeanza kusoma tiba katika miaka hiyo, kisanduku cha kutafutia kilikuwa ndiyo elimu yote, na kisanduku hakiandiki popote kwamba nyuma yangu kuna ukuta.

Mwaka 2001, mjini Baltimore, ukuta huo ulihusika katika kifo. Mwanamke wa miaka 24, fundi wa maabara mwenye afya njema, alijitolea kushiriki utafiti wa pumu katika chuo kikuu cha Johns Hopkins. Akavutishwa kwa pumzi dawa iitwayo hexamethonium. Mapafu yake yaliharibika, na chini ya mwezi mmoja baadaye akafariki. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mtafiti alikuwa amezitafuta hatari za dawa hiyo katika PubMed, ambayo wakati huo ilianzia mwaka 1966, na katika kitabu cha kiada. Makala zilizoonya kuhusu madhara kwenye mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwapo. Zilikuwa zimeorodheshwa katika juzuu za karatasi. Kulikuwa na makosa mengine katika utafiti ule, na si haki kuitwisha kanzidata mzigo wote. Lakini wakutubi wa tiba duniani hawajaisahau kesi hiyo, na miaka iliyofuata data za kabla ya 1966 ziliingizwa hatua kwa hatua, nyingi zikiwa bila muhtasari, kama zile mbili za Newala.

Sasa uuweke mwaka 1966 kwenye kalenda yetu. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Mpaka uliochorwa Maryland kwa urahisi wa utepe wa sumaku uliangukia karibu kabisa na mwisho wa ukoloni kwetu. Nyuma yake yamebaki maelezo ya kwanza ya Newala, uvimbe wa taya wa Burkitt, o'nyong-nyong, na toleo baada ya toleo la East African Medical Journal, jarida lililoanzia Kenya mwaka 1924. Yamebaki pia mambo ambayo babu zetu walifanyiwa kwa jina la tiba, yaliyoandikwa na waliowafanyia. Mwanafunzi wa Baltimore akiukosa mwaka 1955 amekosa makala. Wa kwetu akiukosa, amekosa sehemu kubwa ya yote yaliyoandikwa kuhusu miili ya watu wake kabla hawajajitawala.

Na hasara hiyo si ya kumbukumbu tu. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na uchunguzi wa damu ukakadiria kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Ikafika Mombasa, ikavuka hadi Komoro, na mwaka 2005 hadi 2006 ikawaangusha karibu theluthi moja ya watu wa kisiwa cha Réunion. Ugonjwa ambao vitabu vilikuwa vimeuweka ukurasa wa nyuma ulirudi mbele, na maelezo ya kwanza ya mwenendo wake kati ya watu na mbu yalikuwa yale ya vijiji vya nyanda za Wamakonde.

Sisi huku tulihama kwa mwendo wetu. Miaka ya 1990 maktaba nyingi za tiba za Afrika zilitumia sidii za MEDLINE, ambazo zilitufaa kuliko mtandao kwa sababu hazikuhitaji laini ya simu wala kulipia dakika. Zilikupa vichwa na mihtasari. Makala yenyewe ulikuwa huna, na hapo ndipo ulipoandika barua kwa mwandishi au kwa rafiki aliyeko Ulaya. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa sita wakaanzisha HINARI, mpango uliofungua majarida kama 1,500 bure kwa taasisi za nchi maskini zaidi, na kwa ada ndogo kwa zilizowazidi kidogo. Wakubwa wangu kazini wanaikumbuka siku nywila ilipofika kama wengine wanavyokumbuka umeme ulipofika kijijini.

Lakini nywila si mali. Januari 2011 wachapishaji walijiondoa katika mpango huo kwa Bangladesh, na majarida zaidi ya 2,500 yakafungwa. Kelele zilipopigwa, yakarudishwa. Juzuu ya karatasi ikishanunuliwa haiwezi kufanyiwa hivyo. Maktaba inayolipia kanzidata ni mpangaji, na kuhama kanzidata ni kuhama nyumba ya kupanga: usipohesabu vyombo kabla ya kukabidhi funguo, utajua umeacha nini siku utakapokihitaji.

Liberia walijua hivyo kwa gharama kubwa. Aprili 2015, Ebola ikiwa imeua maelfu, Dkt. Bernice Dahn wa wizara ya afya ya nchi hiyo na wenzake wawili waliandika katika gazeti la New York Times kwamba wamegundua makala ya mwaka 1982, ya watafiti wa Ujerumani, iliyosema kwamba dalili zinaonyesha Liberia ihesabiwe ndani ya eneo la Ebola. Ilichapishwa katika jarida la Ulaya. Hakuna Mliberia aliyekuwa miongoni mwa waandishi. Kuipakua makala moja ya namna hiyo, waliandika, kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Makala ile ilikuwa upande wa huku wa mwaka 1966, na ililitaja jina la ugonjwa. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba mashine ikiwa kamili mambo yameisha. Kuonekana na kusomeka ni milango miwili, na kila mmoja una kufuli lake.

Tangu mwaka 2022 kazi ya kubandika vichwa vya mada huko Bethesda hufanywa na programu, binadamu wakikagua sehemu tu. PubMed ina taarifa zaidi ya milioni 35. Hakuna mikono ya kutosha. Ninaelewa. Ninachokijua ni kwamba programu hujifunza kutokana na yaliyokwisha kubandikwa, na kwamba hakuna anayeilipa ili irudi Newala.

Ripoti yangu iliisha na kurasa kumi na moja. Haikuzuia uhamisho wala sikukusudia izuie. Kanzidata mpya ni nzuri, ina majarida mengi ya Afrika kuliko ya zamani, na bei yake chuo kinaimudu. Kilichobadilika ni mambo mawili. Juzuu za faharasa za karatasi za kabla ya 1966, zilizokuwa kwenye orodha ya kuondolewa ili kupata nafasi ya meza, zilibakizwa, nyingine zikaenda. Na kwenye mwongozo wa kutafutia, ule anaopewa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tuliongeza ukurasa mmoja wa majina ya kale mkabala na ya sasa. Tanganyika. Nyasaland. Rhodesia ya Kaskazini. Ruanda-Urundi. Gold Coast. Léopoldville. Lourenço Marques.

Muhula wa kwanza wanafunzi waliuona ukurasa huo kama somo la jiografia lililopotea njia. Muhula wa pili mmoja wao, anayeandika kuhusu ukoma, alikuja kaunta kuniambia kwamba orodha ina upungufu: tumesahau majimbo. Lake Province, alisema, na Southern Highlands, maana makala za zamani hutaja jimbo na kuiacha nchi. Alikuwa ameyakuta mwenyewe. Nikayaandika kwa kalamu kwenye nakala ya kaunta, na yamo katika toleo la sasa.